Mume Wangu Aliniambia Nitoke Nje Anipigie Simu

Mume wangu aliniomba nitoke nje ya nyumba ili anipigie simu.

Sitanii. Yeye alikuwa amekaa kitandani, mimi nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, wali uko jikoni. Akanipa simu yangu akasema, "Arafa, nenda uani, nyuma ya banda la kuku. Nitakupigia. Ukipokea, zungumza na mimi kama ulivyokuwa unazungumza zamani."

Nikamtazama nikidhani ni mzaha. Mwanamume hakuwa na mzaha hata chembe.

Basi nikaenda. Nikasimama nyuma ya banda la kuku na khanga yangu ya jikoni, nimejibanza kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Simu ikalia.

"Alo."

"Nakusikia, mke wangu. Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Kama zamani."

Kuku wananitazama, mimi nawatazama. Kitu pekee kilichonijia kichwani ni kwamba sikupunguza moto jikoni. Nikamwambia, "Wali unaungua."

Akakata simu. Niliporudi ndani nilimkuta amelala, amegeukia ukutani, analia. Mtu mzima, ndevu kidevuni, analia kwa kwikwi. Na mimi nikajua kabisa analilia nini, nikarudi jikoni nikapakua wali.

Mnaweza kudhani ni kichaa. Subirini kwanza.

Mimi ni mtu wa Juani, kisiwa kilicho kusini mwa Chole, huku kwetu Mafia. Kazi yangu ni mwani, tangu sijaolewa mpaka leo hii ninapoandika.

Hafidhi alinioa mwaka 2009. Alikuwa mvuvi wa juya, ule wavu mkubwa wa kukokota. Hifadhi ya Bahari ilishapiga marufuku juya zamani, ila watu walikuwa wanaibiaibia. Mwaka ule doria ikabana kweli kweli, wavu wa kundi lao ukachukuliwa. Akabaki nyumbani, mara agombane na mlango, mara na paka. Mjomba wake akamtafutia kazi Omani, mji wa Sur, kwenye ghala la samaki. Hatukuwa tumemaliza mwaka kwenye ndoa.

Siku ya kuondoka aliniachia simu ndogo ya tochi na amri moja. Amri yenyewe ni kwamba nisiingie tena baharini.

"Mke wangu hawezi kushinda majini nguo zimemganda mwilini, boti za watalii zinapita zinamkodolea macho," alisema. "Nitakuwa natuma matumizi. Wewe kaa ndani."

Nikasema sawa. Na wiki ile ile nikaingia majini. Mwani ulikuwa wangu kabla yeye hajawa wangu, na mimi si mtu wa kukaa kwenye mkeka nikihesabu nzi.

Tatizo lilikuwa simu. Siku zile mtandao Juani ulishika sehemu moja tu, kwenye jiwe lililoinuka juu ya ufuko. Jiwe lile tukaliita Posta. Chini yake palikuwa na banda la makuti, wanawake wa mwani tulikuwa tunafungia mbegu humo, yaani vile vipande vya mwani tunavyovifunga kwenye kamba kabla ya kwenda kuvipanda. Na aliyeshinda bandani kutwa nzima, mvua na jua, alikuwa Bimkubwa.

Bimkubwa ni somo yangu. Kwa wasiojua mambo ya pwani, somo ni yule mwanamke anayekufunda ukivunja ungo, anakuingiza ndani siku ya harusi, na ndiye anayekusemea. Mwari hasemi. Mwari akiwa na jambo na mumewe, anamwambia somo, somo analipeleka kwa mume akiwa amelivika nguo nzuri. Bimkubwa alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na mguu wake wa kushoto uliwahi kuchomwa na mwiba wa taa, yule samaki bapa. Kidonda kikawa cha kupona na kurudi, hivyo haingii majini. Kazi yake ni kufunga mbegu na kulinda simu zetu.

Hafidhi alikuwa na mapumziko siku ya Ijumaa tu. Alipiga saa nne asubuhi, kabla hajaenda msikitini.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo palipoharibikia.

Mwani una saa zake. Kwenye bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inatoka mbali sana, na kwetu inatoka saa hizo hizo za nne na tano asubuhi. Wanawake wote tuko kule, maji magotini. Wiki inayofuatia ni maji mafu, bahari haitoki, tunashinda nchi kavu. Kwa hiyo Ijumaa moja niko majini, Ijumaa ya pili niko bandani.

Ijumaa ya kwanza ya bamvua simu ililia weee, hakuna wa kupokea. Iliyofuata alinigombeza mpaka salio likamwishia. Ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, simu nilikuachia ya pambo?

Bimkubwa ndiye aliyetoa dawa. "Mwanangu, mimi si somo yako? Hizi za bamvua nitapokea mimi. Laini yenyewe inakoroma kama mgonjwa, hatajua."

"Atajua, somo. Mtu wa Juani huyo, bamvua anaijua."

"Mtu akishakaa jangwani, bahari inamtoka."

Na kweli ilimtoka. Mwana wa maji, aliyezaliwa na kulelewa hapa hapa, hakuwahi kujiuliza inakuwaje saa nne ya bamvua mkewe yuko nchi kavu na upande wa pili hakusikiki sauti ya mwanamke mwingine. Nadhani alijiambia mke wangu ni mtiifu, nimemkataza bahari, ametii. Mtu akitaka kuamini kitu, hata mwezi hautazami.

Ila kupokea simu si kazi. Kazi ni kusema.

Kila Alhamisi jioni, tukifunga mbegu mimi na yeye, Bimkubwa alikuwa ananiuliza, "Kesho nimwambie nini?"

Na mimi, macho yako kwenye kamba, vidole vinafunga, nikawa namwambia. Sijui maneno yale yalikuwa yanatoka wapi. Mbele ya Hafidhi mimi nilikuwa bubu, hata kabla hajasafiri. Lakini pale bandani, yeye yuko ng'ambo ya bahari, ulimi unakuwa mwepesi.

"Mwambie sijalala upande wake wa kitanda. Wageni wakija nawatandikia chini."

"Mwambie nimeanza kusahau uso wake. Kidevu kimeshaondoka. Arudi kabla sijafika machoni."

"Mwambie nyumba ikikosa mtu, vitu vinahama. Leo nimekuta kikombe chake kiko rafu ya chini na sijakigusa."

Bimkubwa anacheka, anatikisa kichwa, anayabeba. Kesho yake jioni ananiletea majibu. Kasema kidevu chake kina kovu jipya, kwa hiyo hata ungelikikumbuka ungekosea. Kasema kikombe kimechoka kusubiri. Mimi naingia nyumbani na majibu yale, nalala nayo. Wallahi, nilikuwa na furaha kuliko wanawake wenye waume ndani.

Ijumaa zangu mwenyewe, zile za maji mafu, zilikuwa aibu tupu. Wanawake wamenizunguka, masikio yamesimama, na sauti ya mume wangu iko ndani ya sikio langu. "Hujambo?" Sijambo. "Habari za huko?" Salama. "Huna la kuniambia?" Kombo anakusalimu. Kombo ni kaka yangu. Nilikuwa namtaja kila simu kwa kukosa la kusema.

Miaka ikaenda hivyo. Mnara mpya ukajengwa, mtandao ukawa unashika mpaka uani, Posta ikabaki jiwe tu. Mwaka 2014 Hafidhi akarudi.

Kwenye boti alishuka mtu mnene kidogo, mwenye kovu kwenye kidevu kama nilivyoambiwa. Nikaona haya kumtazama. Naye akanitazama sana, halafu akatazama nyuma yangu, kama kuna mtu mwingine anafuata.

Siku za mwanzo alinisubiri. Nasema alinisubiri kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tukila, ananyamaza akinitazama mdomo. Akirudi msikitini, anakaa karibu, anasema, "Unakumbuka uliponiambia habari za kikombe?" Mimi nainamisha kichwa, natabasamu, nainuka kwenda kuosha vyombo. Mwili mzima umejaa maneno na hakuna hata moja linalopita kooni.

Tena nitasema ukweli, na yeye hakuwa yule. Yule wa kwenye simu alikuwa na subira na mcheshi. Huyu alikuwa anakoroma, anafoka chumvi ikizidi, na anapiga miayo bila kuziba mdomo. Nilimkasirikia mtu aliyekuwa mbele yangu kwa sababu alimkalia yule mwingine kwenye kiti chake.

Ndipo ikaja ile siku ya banda la kuku.

Wiki hiyo hiyo, Ijumaa, alitoka asubuhi akaenda kukaa juu ya lile jiwe la Posta, bila sababu, kupunga upepo. Ilikuwa bamvua. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba narudi kwenye mwani, naye hakuwa na nguvu ya kunikatalia tena. Kutoka majini nilimwona amekaa pale juu, anatazama bahari inavyotoka, anatutazama sisi wote tulivyotapakaa kule mbali, banda liko tupu. Liko tupu isipokuwa mtu mmoja.

Nilimwona akisimama. Nilijua amekumbuka.

Yaliyotokea bandani alinisimulia Bimkubwa mwenyewe.

Hafidhi aliteremka, akamwamkia. "Shikamoo, Bimkubwa."

"Marahaba, baba."

"Saa nne ya bamvua simu ya mke wangu alikuwa anapokea nani?"

Bimkubwa akainamia kamba yake. Akaendelea kufunga.

"Sema alo," Hafidhi akamwambia.

"Baba, hayo yamekwisha."

"Sema alo tu."

Akasema alo. Hafidhi akamwomba aseme habari za kidevu. Akazisema, neno kwa neno, maana Bimkubwa ana kumbukumbu kali na alinisemea kwa uaminifu miaka yote. Anasema Hafidhi alikaa chini mchangani kama mtu aliyekatwa miguu, akamtazama mwanamke yule aliyemzidi umri, mwenye mguu uliofungwa kitambaa, akamtazama kama ambavyo hakuwahi kunitazama mimi.

Jioni alinisimamisha sebuleni. Kombo alikuwepo, kaja kutuletea samaki, akaduwaa na mtungo wake mkononi.

"Miaka mitano nimezungumza na somo yako," Hafidhi alisema. "Mmenifanya mpumbavu."

"Alikuwa ananisemea. Maneno yalikuwa yangu."

"Yako?"

"Yangu yote."

"Haya. Sema moja. Si yale aliyoyasema yeye. Jipya, mbele yangu, sasa hivi."

Nikasimama. Jamani, nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo mengi kuliko mwani kwenye kamba. Lakini kaka yangu yuko pale, na mume wangu amenikazia macho kama hakimu. Mimi nilifundwa, na aliyenifunda ni Bimkubwa yule yule, kwamba mke hamkodolei mume macho akamtamkia mambo ya moyoni, ni utovu wa haya. Na hasira nayo ikapanda. Nikajisemea, kwa nini nijisemee kama mshtakiwa kwenye nyumba yangu?

Nikanyamaza.

Akangoja. Nikanyamaza tena.

"Kombo, wewe ni shahidi," akasema. "Dada yako nimempa talaka moja."

Nikahamia kwa Kombo na sanduku langu. Talaka moja, wanaojua wanajua, si mwisho wa dunia. Ndani ya eda, miezi ile mitatu, mume akibadili moyo anasema nimekurejea na yanakwisha, hakuna mahari wala harusi mpya. Eda ikiisha, kila mtu na njia yake. Kombo alinikumbusha jambo hilo kila siku ya Mungu. "Mtumie neno, Arafa. Neno moja tu. Jamaa anakupenda, kachanganyikiwa."

Kumbe jamaa ameshaposa. Amemposa Bimkubwa.

Kombo aliposikia alicheka vibaya. "Somo yako? Anakuacha wewe anamchukua somo yako?" Si haramu, lakini masikio ya watu yaliuma kisiwa kizima. Ndugu wa Bimkubwa wakasema wataozesha, ila wangoje eda ya Arafa iishe, wasionekane wamevunja nyumba.

Hafidhi akaenda Kilindoni, mjini, akapata kazi ya kupakua mizigo kwenye duka la Mzee Mohamedali. Kutoka huko akawa anampigia mchumba wake simu. Mnaona wenyewe. Boti ipo, kuvuka si shida, lakini yeye alichagua kupiga simu.

Haukupita muda Bimkubwa akaja kwangu. Alikuja anakokota mguu, kabeba muhogo kwenye pakacha, akakaa kizingitini bila kukaribishwa.

"Mwanangu, sina uso wa kukutazama."

"Basi tazama chini."

Akatazama chini. Halafu akasema, "Ananipigia. Anataka nizungumze. Nimeyarudia ya zamani mpaka yamekwisha. Mimi sina maneno, Arafa, unajua sina. Nipe."

Nilikuwa na mchi mkononi, natwanga kisamvu. Mungu ndiye aliyenizuia. Mwanamke aliyenifunda, aliyenishika mkono siku ya harusi yangu, anakuja kuniomba maneno ya kumnasia mume wangu.

"Kwa nini humwambii ukweli?" nikamuuliza.

Akaunyoosha mguu mbele yangu. "Tangu mguu huu, hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza hata nimelalaje. Nimeonja, mwanangu. Nisamehe."

Nilitaka kumfukuza. Mdomo nikaufungua kabisa nimfukuze. Kilichotoka ni kingine. Nikamuuliza, "Yeye kasemaje?"

Akaniambia alivyosema. Kasema anapita kwenye mitaa ya Kilindoni anasikia watu wanacheka, anageuka kila mara kutazama kama ni mchumba wake. Na mimi, mjinga mimi, moyo ukacheza.

Nikampa maneno. Nikamwambia, "Mwambie juzi nimepita njia ya magofu ya Kua, nikasikia mtu anapiga chafya kama yeye, nikasema alhamdulillahi peke yangu porini."

Kesho yake akarudi na jibu. "Kasema chafya ile ni yake. Aliituma."

Tukaendelea. Eda yangu nzima niliishi hivyo, nampa maneno asubuhi, ananiletea majibu jioni. Mume aliyeniacha akawa ananipenda upya bila kujua, na mimi nikawa nampenda. Yule mkoroma, mfoka chumvi, nikamsahau. Akabaki wa simu, mzuri, mcheshi. Kombo akawa anashangaa, mtalaka gani huyu anaimba jikoni.

Lakini siku zinakatika. Eda inayoyoma. Kila siku najiambia, kesho nitampa Bimkubwa neno la ukweli, na kila kesho nampa jingine tamu, kwa kuogopa kulikata hilo tamu. Hofu ilinishika hasa nilipobakiwa na siku chache. Nikiacha hii ipite, simpati tena.

Mwisho nikasema, "Somo, leo mwambie ni mimi. Mwambie maneno yote ni ya Arafa, ya Sur na ya sasa. Mwambie eda yake inakwisha, kama anamtaka amrejee."

Bimkubwa alikuwa anafunga mbegu. Mikono yake ilisimama. Aliijua bei ya neno lile kuliko mimi.

"Nitamwambia," akasema.

Sikula siku ile. Alirudi jioni, macho mekundu, akakaa pale pale kizingitini.

"Nimemwambia. Nimemwapia, Arafa. Nimemwambia yote."

"Kasemaje?"

"Kacheka. Kasema, 'Bimkubwa, moyo wako mweupe mno. Unamsitiri hata mwanamke mwenye ulimi wa ubao.'" Akajifuta pua na ncha ya khanga. "Kasema amezidi kunipenda kwa hilo."

Wengine huniambia Bimkubwa hakumwambia. Mimi namwamini, kwa sababu nilimwona alivyolia, na kwa sababu hilo ndilo jibu ambalo Hafidhi wa simu angelijibu. Nilimpenda kwa majibu kama hayo.

Eda ikaisha. Wakaoana kimyakimya, bila ngoma. Sikwenda. Na niliendelea kutunga maneno kwa mazoea tu, nikimngoja mbebaji.

Bimkubwa hakuja mwezi mzima. Alipokuja, kabla sijafungua mdomo, akasema, "Usijisumbue, mwanangu. Hayatakiwi tena."

"Hayatakiwi vipi?"

"Tangu aniweke ndani hajaniuliza neno. Nikianza kusema ananiambia chakula kinapoa. Ananitazama alivyokuwa anakutazama wewe." Alisema hivyo bila chuki, kama anayeniletea habari za mgonjwa tunayemjua sote. "Ameacha kazi Kilindoni. Na Ijumaa anapanda Posta na simu yake. Anazungumza huko, anacheka, anashuka saa ya sala."

Wivu ulinichoma, sitaficha. Wivu wa mwanamke wa tatu. "Anampigia nani? Kaacha mwanamke Sur?"

"Nami nilidhani hivyo. Nikaichukua simu alipokuwa anaoga, nimtafute." Akashusha sauti. "Haina laini, Arafa. Laini ameitoa mwenyewe. Ipo kwenye kopo la chumvi."

Nilimwambia haiwezekani.

"Nenda ukasikie."

Ijumaa nikaenda. Ilikuwa bamvua, wenzangu wote walikuwa majini, wakanipigia kelele nawahi wapi. Nikapita nyuma ya banda, nikapanda jiwe polepole.

Alikuwa amesimama ananipa mgongo, simu sikioni. Amevaa kanzu ya Ijumaa, safi, imepigwa pasi. Anasema, "Na wewe umekula?" Anangoja, muda kabisa wa mtu kujibu. Anacheka. "Usiseme hivyo, utaniliza mbele za watu." Anangoja tena. Sauti ile, jamani. Ilikuwa ni yeye. Yule wa simu, mwenyewe, ndani ya mwili wa Hafidhi, kwa mara ya kwanza namwona kwa macho yangu.

Na ulimi wangu ukafunguka. Miaka yote ile, mbele ya mashahidi, nyuma ya banda la kuku, uligoma, siku ile ukafunguka. Nikasema kwa sauti, pale pale mgongoni kwake.

"Hafidhi. Huyo unayemsikia ni mimi. Ni mimi tangu mwanzo. Nakupenda, hata ukikoroma. Geuka."

Aligeuka.

Alinitambua vizuri kabisa, msije mkadhani alikuwa amepotelewa na akili za kumjua mtu. Alinitazama kwa upole, akaziba simu kwa kiganja ili asisikike upande wa pili.

"Ngoja kidogo, Arafa," akasema. "Naongea na mke wangu."

Akanipa mgongo tena, akaendelea.

Mpaka leo yuko hivyo. Wamemsomea, wamempeleka kwa waganga, wamempeleka hospitali bara. Siku sita ni mtu wa kawaida, anapanda minazi, anacheza bao, anakuamkia. Ijumaa anapanda jiwe. Bimkubwa hajadai talaka. Mimi na yeye tunafunga mbegu banda lile lile, na Ijumaa ya maji mafu ikifika saa nne tunafungua redio kwa sauti kubwa.

Ninyi mlio na wenzenu mbali, Omani, Dar, sijui Ulaya, mimi ninachoweza kuwaambia ni hiki tu. Mtu akiwa mbali, unampenda pamoja na uliyomjazia mwenyewe, na huko mbali hakuna anayekusahihisha. Siku akirudi, mpokee huyo aliyeshuka kwenye boti, na mikoromo na miayo yake. Na kama una neno naye, liseme mwenyewe kwa mdomo wako, hata likitoka bovu, hata watu wakisikia. Mimi haya nilikuwa nayo ya kutosha. Hivi sasa nimelala kwa Kombo, peke yangu, na maneno bado ninayo yote.